Jinsi ya kuchagua daraja jipya la gitaa la umeme la zamani

Daraja la gitaa ukilikosea hapa Lubumbashi, hulirudishi. Limekuja na msafiri kutoka Lusaka au Johannesburg, limevuka mpaka wa Kasumbalesa katikati ya nguo na viatu, na aliyelileta amekwisha kula faida yake. Ninalo kopo la maziwa ya unga limejaa madaraja ya namna hiyo, mengine yangu, mengine ya watu waliochoka kuyatazama. Karibu yote ni mazima. Kosa lake ni milimita mbili, tatu.

Maelezo haya ni ya mwenye gitaa kuukuu: lile la mjomba aliyelipiga kwenye bendi miaka ya 1970, la parokia, au la mtumba lililofika bila jina kichwani. Ninaposema daraja, ni kile chuma kilichoko tumboni mwa gitaa ambacho nyuzi zinapita juu yake. Huku wengi tunakiita shevale. Vile vipande vidogo ambavyo kila uzi unakalia kimoja, nitaviita vikalio.

Hatua ya 1: Hakikisha daraja ndilo lenye kosa

Anza na shingo. Bonyeza uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, kwenye freti (vile vyuma vilivyokingama shingoni) ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha chungulia katikati. Panatakiwa mwanya wa unene wa karatasi mbili au tatu za daftari. Uzi ukiwa umelala juu ya freti zote, daraja halina hatia. Kiangazi cha huku kinatudanganya kila mwaka: kuanzia Mei hewa inakauka, mbao zinasinyaa, shingo inanyooka kupita kiasi, na mwezi wa saba vijana wanakuja mmoja baada ya mwingine wakisema shevale imekufa. Ninalegeza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko tu, na wanarudi nyumbani na pesa zao.

Shingo ikiwa salama, ling'oe daraja ulikague. Kama ni lile la nguzo mbili, liweke juu ya kioo cha dirisha, tumbo chini. Chuma hicho kimeshikwa ncha mbili peke yake, na nyuzi zinakikandamiza usiku na mchana kwa miaka 40 au 50. Katikati kinabonyea. Kwenye kioo utaona kinachezacheza kama mtumbwi, na kwenye gitaa utasikia uzi wa tatu na wa nne zikikwaruza hata ukipandisha nguzo. Hilo halina dawa nzuri. Wapo wanaolibana kwenye jiliwa na kulinyoosha. Mimi nimevunja mawili kwa njia hiyo, maana zinki iliyomiminwa haipindiki kwa haraka, inakatika kama biskuti.

Skrubu zilizoshikwa na kutu hazitoshi kuwa sababu ya kununua jipya. Zitie mafuta mepesi, zilale usiku kucha, asubuhi jaribu tena. Kikalio kinachotetemeka kwenye skrubu yake kinatulizwa na tone la rangi ya kucha. Mwombe dada yako, ni bei rahisi kuliko chochote utakachosoma hapa chini.

Hatua ya 2: Jua daraja lako ni la ukoo gani

Ukoo wa nguzo mbili ulianza kwa Gibson, kampuni ya magitaa ya Marekani, mwaka 1954. Chuma kirefu, vikalio sita ndani yake, kimekaa juu ya nguzo mbili, na nyuma yake kuna mkia unaoshika nyuzi. Ndani ya ukoo huu kuna ndugu wawili wasioelewana. Wa zamani ni mwembamba na nguzo zake nyembamba zimeingia moja kwa moja kwenye ubao. Mdogo wake, anayeitwa Nashville, alitoka miaka ya 1970. Ni mpana zaidi na nguzo zake zinaingia kwenye bushi za chuma zilizozamishwa ubaoni. Wajapani waliiga wote wawili, kila kiwanda kwa kipimo chake, na magitaa yao ndiyo ninayokutana nayo zaidi kwenye meza yangu.

Ukoo wa Stratocaster, gitaa la kampuni ya Fender, nao ni wa 1954: sahani ya chuma iliyoshikwa na skrubu sita upande wa mbele, chini yake tofali la chuma linalozama ndani ya gitaa, na springi mgongoni. Kuanzia miaka ya 1980 Fender walileta pia la nguzo mbili badala ya skrubu sita. Halafu lipo la sahani isiyocheza, kama la Telecaster, gitaa jingine la Fender, ambapo nyuzi mara nyingi zinapita ndani ya ubao kutoka mgongoni.

Magitaa yenye tumbo wazi, na mengi ya Japani ya miaka ya 1960, yana daraja ambalo halikufungwa popote. Limesimama kwa uzito wa nyuzi tu, na nyuzi zinashikwa na mkia mrefu uliofungwa ubavuni. Ukitoa nyuzi zote kwa pamoja, daraja linaanguka na hujui tena lilikuwa wapi. Bandika utepe wa karatasi mbele na nyuma ya nyayo zake kwanza, ndipo ulegeze.

Usibadili ukoo. Kijana atakuja na gitaa la sahani bapa akitaka la nguzo mbili kwa sababu limempendeza machoni. Gitaa la aina ya Gibson shingo yake imeinamishwa nyuma, kwa hiyo nyuzi zinapita juu sana ya ubao, mara nyingi milimita 16 na zaidi. La aina ya Fender shingo imenyooka na nyuzi ziko milimita 10 hadi 13 tu. Daraja refu kwenye shingo iliyonyooka litakupa nyuzi unazoweza kuanikia nguo.

Hatua ya 3: Pima, uandike

Hapa ndipo pesa zinapookolewa, kwa hiyo usiharakishe. Tafuta kalipa, ile ya kubana na kusoma milimita. Huna? Mji huu umejaa mafundi wa migodini na wa karakana. Katika kila mtaa kuna mtu anayo kwenye droo. Rula ya shule inasaidia kidogo tu, kwa sababu tunawinda nusu milimita.

Kipimo cha kwanza ni umbali kati ya nguzo, kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Hakuna anayeweza kuona katikati ya tundu kwa macho. Fanya hivi: pima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu la kwanza hadi ukingo wa kushoto wa tundu la pili. Matundu yakiwa na upana sawa, jibu ni lile lile la katikati kwa katikati. Kisha pima ukingo wa kulia kwa wa kulia. Majibu mawili yakitofautiana, pima upya. Madaraja mengi ya nguzo mbili ni milimita 74, lakini magitaa ya zamani ya Japani yamenitolea 72 na 73. Usiamini kwamba milimita moja "itaingia kwa kusukuma". Itaingia, na nguzo zitainama, na baada ya miezi mitatu matundu yatakuwa mayai.

Pima pia unene wa nguzo na hesabu ya meno yake. Nyingi za Asia ni M4 (unene wa milimita 4) kwa nguzo nyembamba au M8 (milimita 8) kwa zile za bushi. Gibson yenyewe inatumia meno ya inchi, na hapo watu wengi wanaharibu vitu: skrubu ya M8 inakubali kuingia mizunguko miwili kwenye bushi ya mkia wa Gibson, inakupa matumaini, kisha inakwama. Ikigoma kwa vidole, usilete koleo.

Kwa ukoo wa Stratocaster vipimo ni viwili na watu hupima kimoja. Nilikuwa miongoni mwao. Nilipima umbali wa skrubu ya kwanza hadi ya sita nikapata milimita 56, nikaagiza "daraja la 56", nikangoja wiki tano. Lilipofika liliingia vizuri mno kwenye matundu. Nikaweka nyuzi. Uzi wa kwanza na wa sita vikawa vinatembea ukingoni kabisa mwa shingo, na kila nilipovuta kidole uzi wa kwanza ulidondoka nje ya freti. Gitaa lilikuwa la shingo nyembamba: skrubu zake 56, lakini nyuzi zake, kutoka wa kwanza hadi wa sita pale kwenye vikalio, ni 52.5. Magitaa hayo yapo, yenye matundu ya kizamani na nyuzi za kisasa. Kwa hiyo pima skrubu, pima nyuzi, andika yote mawili. Daraja la zamani la Marekani ni 56 kwa 56, mengi ya Asia ni 52.5 kwa 52.5, na mchanganyiko upo.

Upana wa nyuzi si wa kuingia tu, ni wa mkono pia. Anayepiga kwa kidole gumba na cha shahada, mtindo wa Katanga uliosikika mbali tangu mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda mwaka 1952, anapenda nafasi kubwa kati ya uzi na uzi. Anayepiga sebene kwa plektra, kile kibao kidogo cha kupigia nyuzi, haoni tofauti.

Kipimo cha tofali: pima unene wa ubao wa gitaa ubavuni. Stratocaster halisi ina kama milimita 44 au 45. Magitaa ya bei nafuu yana 38 hadi 40, na tofali refu litachomoza mgongoni kama jino. Omba tofali fupi.

Sasa mviringo. Shingo ya gitaa haiko bapa, ina mgongo, na nyuzi lazima zifuate mgongo huo. Chukua karatasi ngumu, funga kalamu kwenye uzi wa kushonea, chora matao matatu: la kwanza milimita 184 kutoka kwenye msumari, la pili 241, la tatu 305. Kata, weka kila tao juu ya freti ya mwisho, tazama lipi halipitishi mwanga. Fender za zamani ni 184, nyingi za sasa 241, Gibson 305. Kama vikalio vya daraja vinapanda na kushuka kimoja kimoja, jambo hili halikusumbui, utavipanga mwenyewe. Daraja la nguzo mbili mviringo wake umeshamiminwa kiwandani, na hapo karatasi yako ina thamani.

Mwisho, urefu wa mlio. Pima kutoka mfupa ulioko mwanzo wa shingo hadi freti ya 12, zidisha kwa mbili. Utapata karibu 628 kwa aina ya Gibson au 648 kwa Fender; magitaa ya zamani yasiyo na jina yana ya kwao. Kikalio cha uzi wa kwanza kinapaswa kufika hapo, na cha uzi wa sita kirudi nyuma zaidi milimita tatu hadi tano. Daraja jembamba lenye njia fupi linaweza kushindwa kufika, hasa kwa anayetumia nyuzi nene.

Hatua ya 4: Mpe msafiri karatasi, usimpe maneno

"Papa, nilimwambia ya Les Paul," kijana mmoja mwenye gitaa la aina hiyo ya Gibson aliniambia akiwa ameshika daraja la Floyd Rose, lile lenye mkono wa kutikisa sauti. Nguzo zake ni 74 pia, ndiyo maana muuzaji alimpa mbebaji bila kusita. Yule mbebaji alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, angejuaje? Andika hivi, kwa herufi kubwa:

DARAJA LA GITAA LA UMEME, NGUZO MBILI, LISILO NA MKONO. NGUZO KATI KWA KATI: 74 mm. NGUZO: M8 NA BUSHI ZAKE. UZI WA KWANZA HADI WA SITA: 50 mm. MVIRINGO: 305 mm. RANGI: NIKELI. KAMA NGUZO SI 74, USINUNUE.

Ongeza picha mbili kwenye simu yake, daraja la zamani likiwa juu ya rula, moja kutoka juu na moja kutoka ubavuni. Sentensi ya mwisho ya karatasi ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu msafiri mwema hataki kurudi mikono mitupu. Ukinunua mwenyewe sokoni, beba daraja la zamani mfukoni na uliweke mgongo kwa mgongo na jipya kabla hamjaanza kuzungumza bei.

Hatua ya 5: Chuma gani?

Watu wanagombana sana juu ya hili na mimi nitapita haraka. Ya bei ya chini ni zinki iliyomiminwa. Inafanya kazi, lakini meno ya skrubu yanakwisha mapema. Shaba ya manjano na chuma kigumu vinadumu zaidi. Sauti inabadilika kidogo, ndiyo, lakini kidogo kuliko inavyobadilika ukiweka nyuzi mpya. Kwa rangi: kromu inavumilia jasho, nikeli inafifia taratibu na kwenye gitaa la zamani inapendeza, dhahabu inatoka ndani ya mwaka mmoja kwa mpigaji wa kila Jumapili.

Hatua ya 6: Mkono wa kutikisa unauhitaji kweli?

Katika muziki wetu, mpiga solo na mpiga mi-solo (gitaa la katikati) wanaougusa ule mkono ni wachache. Hasara yake naijua: daraja linaloelea juu ya springi, uzi mmoja ukikatika, zile tano zote zinapanda sauti. Katikati ya sebene, wachezaji wameshika kasi, huna pa kujificha. Kwa gitaa la korali au la orkestra ninakata kabari ya mbao ngumu, naiingiza kati ya tofali na ukuta wa tundu, nakaza springi, daraja linatulia kama la sahani. Ukitaka tena mkono, unaitoa kabari. Usizibe tundu kwa gundi.

Hatua ya 7: Matundu hayalingani, ufanyeje?

Kwanza jiulize gitaa ni lipi. Kama ni la Marekani la zamani kwelikweli, acha drili chini. Tundu jipya linashusha thamani yake kuliko daraja bovu, na daraja la kipimo chake linatafutika ukivumilia.

Kwa mengine, skrubu ndogo iliyolegea inarudi kwa vijiti vya meno viwili na gundi ya mbao. Tundu la nguzo ni kazi nyingine: chonga kijiti cha mbao ngumu kinachoingia kwa kubana, mninga unafaa sana, huku tunauita mulombwa. Paka gundi, gonga taratibu, acha siku nzima, ndipo utoboe upya. Toboa kwa drili ya kusimama kama unaweza kuipata. Drili ya mkononi inatembea, na nguzo iliyoinama itakuudhi maisha yako yote.

Lakini kabla ya kutoboa lolote, nenda kwa fundi wa kerezo, tunayemwita turnere. Hii ni bahati ya mji wa shaba. Bushi yako ni ya M8 na daraja jipya linataka nguzo ya M4? Atakuchongea nguzo ya shaba ya manjano yenye meno mawili tofauti, chini M8, juu M4, kutokana na kipande cha fimbo kilichobaki kwenye kazi nyingine. Mchoree, mpe vipimo, mpelekee bushi yenyewe ajaribie. Nimelipa kazi hiyo kwa fedha ya chakula cha mchana, na gitaa halikupata hata mkwaruzo.

Hatua ya 8: Kufunga

Legeza nyuzi kidogo kidogo, zote pamoja, usikate uzi uliokazwa. Ukilitoa daraja tafuta waya mwembamba unaotoka ndani. Huo ni waya wa masi, yaani wa ethi ya gitaa. Kwenye ukoo wa Gibson unagusa bushi moja ya mkia, kwenye Stratocaster umelehemiwa kwenye kishikizo cha springi, kwenye Telecaster umebanwa chini ya sahani. Ukiupoteza, gitaa litanguruma na halitanyamaza hata ukigusa nyuzi. Ukimaliza kazi, pima kwa mita ya umeme: mguso mmoja kwenye uzi, mwingine kwenye shingo ya jeki, pale unapochomeka waya wa amplifaya. Lazima mita ilie.

Na kwa kuwa waya huo unaunganisha vidole vyako na amplifaya: ukumbi wenye jenereta na soketi bila ethi unaweza kukupiga shoti mdomoni ukisogelea maikrofoni. Dawa yake ni kurekebisha umeme wa ukumbi. Kukata waya wa masi si dawa, hata kama fundi wa sauti anakuapia.

Weka nyuzi mpya. Nyuzi zilizochakaa hazipimi kitu. Pandisha au shusha daraja hadi nyuzi zikae juu ya freti ya 12 kwa milimita 2 upande wa uzi wa sita na 1.5 upande wa uzi wa kwanza. Ukikwaruza, ongeza nusu. Kisha sogeza vikalio. Gusa uzi bila kuukandamiza juu ya freti ya 12, upige, utatoa sauti ya kengele. Sasa ubonyeze hapo hapo na upige tena, programu ya kutyuni ikiwa wazi kwenye simu. Sauti ya kubonyeza ikiwa juu kuliko ya kengele, rudisha kikalio nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kilete mbele. Tyuni upya kila unapokigusa, legeza uzi kabla ya kuzungusha skrubu, na anza na uzi wa sita kwa sababu ndio unaoweza kukosa njia.

Vikalio vingine vinakuja bila mifereji. Pangilia kila uzi juu ya nguzo yake ya sumaku kwenye mikro (kile kinachonasa sauti chini ya nyuzi), weka alama, chonga kwa faili nyembamba, mfereji usizidi nusu ya unene wa uzi. Ukizama zaidi, uzi utakabwa na mlio utakufa.

Lipige siku tatu, halafu rudia kipimo cha freti ya 12. Daraja jipya na nyuzi mpya vitakuwa vimejikalia, na mara nyingi kikalio cha uzi wa tatu ndicho kitakachokuwa kimekimbia. Daraja la zamani lifunge ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na skrubu zake, ulitie kwenye mfuko wa gitaa. Usinipe nilitie kwenye kopo langu, limejaa.